Mwaka Niliokaa Ndani na Neno Moja la Kizungu

Mtani halii msibani. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa, kumsimanga marehemu mbele ya watoto wake na kudai kuku kwa ubishi mpaka apewe. Basi siku tuliyomzika Bonifasi kule Kinyerezi, wanawe walinitazama mimi. Wao ni Wanyamwezi, mimi ni Mzaramo, na katika uwanja ule mzima hapakuwa na mtani mzee kunishinda. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima ndani ya gari nilikuwa napanga matusi: kwamba alikuwa mfupi, kwamba aliimba kanisani kama mtu anayefukuza ndege shambani, kwamba alikula futari ya Waislamu miaka nenda miaka rudi bila kufunga hata siku moja. Nikasimama, nikafungua mdomo, nikasema, “We Mnyamwezi, amka,” na hapo hapo nikalia. Nililia kwa sauti, mwanamke wa umri wangu, mpaka wakaniletea kiti. Mjukuu wake mmoja akaniinamia akauliza, “Bibi, kwani Babu alikuwa nani kwako?” Nikamwambia alikuwa mpangaji wa shangazi yangu. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi, na ndiyo maana naandika habari za mwaka ule wa Temeke.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, Muingereza bado anatawala, na nilikuwa nimewekwa ndani. Kwetu msichana akivunja ungo alikuwa anaitwa mwali na anafichwa: haonwi na wanaume, hasemi kwa sauti, hatoki hata uani mchana, anafundwa na somo yake mpaka siku atakayotolewa kwa ngoma. Shangazi Mwajuma, aliyenilea, alikuwa na nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati. Changu kilikuwa cha mwisho kushoto, karibu na mlango wa uani. Kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, mtungi wa maji, na dirisha lililozibwa kwa gunia. Nilipakwa liwa asubuhi na jioni, nililishwa kama ndama, na kazi yangu ilikuwa kunenepa. Nilinenepa. Lakini moyoni nilikuwa na jambo moja tu. Kabla ya kuwekwa ndani nilikuwa nimemaliza darasa la nne na kuchaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana. Mwalimu mkuu, alipoona sikuripoti, aliandika kwamba nafasi yangu itangoja mpaka Januari inayofuata, basi. Baba mkubwa, ambaye ni kaka yake Shangazi na ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, alikuwa na mpango mwingine: nikishatolewa niolewe na kijana wa Mbagala mwenye minazi. Watu walisema ni kijana mwema, na nadhani walisema kweli. Mimi nilitaka kusoma, na hakuna aliyeniuliza.

Wajukuu zangu wanaoishi kwenye nyumba za dari hawaelewi ninapowaambia kwamba nyumba zile hazikuwa na siri. Kuta za vyumba zilipanda mpaka kimo cha mtu na nusu, zikaishia hapo. Juu yake ilikuwa hewa, boriti na bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, mtu wa chumba cha tatu anakwambia pole. Mimi niliyekatazwa kuona nilijua kila kitu kwa masikio na kwa pua. Nilijua nani kanunua ng'onda na nani kaunguza maharage. Nilijua Shangazi ameanza vitumbua kwa mlio wa mwiko kwenye bakuli. Na upande wa pili wa ukuta wangu, kuanzia mwezi wa Machi, nilijua kuna mwanamume anayesoma Kizungu kwa sauti. Huyo ndiye Bonifasi, karani wa bohari moja kule bandarini, Mkristo kutoka kijiji cha ndani huko Tabora. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa ukalimani wa mahakamani. Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Kiswahili chake ndicho kilichokuwa na walakini, maana alikipata kwenye vitabu vya misheni, na mahakamani, alisema mwenyewe, mtu hasimami kizimbani akaongea kama kitabu cha misheni.

Bwana wake kazini alikuwa amemwonya kwamba wanaofeli mtihani ule hawaangushwi na maneno makubwa, wanaangushwa na madogo, na akamtajia moja: run. Bonifasi akanunua daftari, akaliweka kwa ajili ya neno hilo tu. Kila ukurasa aliandika sentensi moja ya Kizungu, chini yake akaacha nafasi ya Kiswahili. Akaanza vibaya. Alasiri moja alitoka uani, Shangazi akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akamuuliza kama ni sawa kusema kanga ikifuliwa rangi yake inakimbia. Shangazi alicheka mpaka nikasikia mbuzi ikigonga sakafu. “Inakimbia inakwenda wapi, we Mnyamwezi? Mmezoea kukimbia nyie. Rangi inachuja!” Bonifasi akaandika. Kesho yake akaja na pua. Mtoto mwenye mafua, pua yake inafanya nini? Keshokutwa akaja na unga ulioisha debeni, halafu mshono uliofumuka, halafu mtu anayeendesha duka, halafu barabara inayopita mashambani, halafu ugonjwa unaotembea katika ukoo, na mambo yote hayo, alisema, kwa Waingereza ni neno lile lile. Nyumba nzima ikalipokea neno hilo kama mpangaji mpya. Wakaliita Rani. Akirudi kazini tu, mtu wa chumba cha mbele anamuuliza, “Haya Karani, Rani leo kafanya nini?”

Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha kamba nikimngojea Rani kama wengine wanavyongoja mwandamo. Kabla Shangazi hajajibu, mimi nilikuwa nimeshajibu kimoyomoyo, na mara nyingi jibu langu lilikuwa bora kuliko lake. Hili nalisema bila aibu. Uzeeni mtu ana ruhusa ya kujisifu mambo madogo. Nilikuwa nikiokota kijiti cha mkaa na kuandika sentensi ya Kizungu nyuma ya mlango, kama nilivyoisikia, halafu naifuta kwa mate kabla somo yangu hajaja. Ndipo siku moja Shangazi, amechoshwa na maswali, akatamka hukumu. “Loo, Waingereza maskini! Wana mtoto mmoja wanamtuma kazi zote. Sie kila kitu kina neno lake.” Na mimi, sijui shetani gani alinipanda, nikasema kwa sauti juu ya ukuta: “Na kupiga je, Shangazi? Tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga mswaki, tunapiga chuku. Nani kapigwa hapo?”

Sauti ya mwali ilikuwa imesikiwa na mwanamume asiye ndugu. Nikasikia kandambili za Shangazi zinakuja, akaingia, akafunga mlango, akanifinya pajani kwa vidole viwili mpaka nikauma kanga. “Una wazimu?” alininong'oneza. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na alipotoka nilimsikia akimwambia Bonifasi kwa sauti ya ukali wa kubandika, “Andika na hilo.”

Tangu hapo tukapata njia yetu. Bonifasi hakuzungumza nami hata mara moja, na mimi sikuzungumza naye. Hilo nitaapa hata leo. Yeye alizungumza na Shangazi. “Bi Mwajuma,” angesema akiwa chumbani kwake, “muulize mwali, gari likimkanyaga mtu, mashahidi wa Temeke husemaje?” Na mimi ningesema, “Shangazi, mwambie Karani husema limemgonga, au limemkanyaga akifa.” “Bi Mwajuma, mwambie mwali asante. Na mwambie kwa Kizungu ni hivi.” Halafu anasoma polepole, mara mbili, ili Shangazi asikie vizuri, Shangazi ambaye hakujua hata alfabeti. Mwanzoni alikuwa anakaa kweli kwenye kigoda pale ukumbini, anachambua mchele, anapokea maneno huku na kuyapitisha huku. Baadaye akachoka. Akawa anakwenda zake uani kuchochea moto, na sisi tunaendelea kumtuma kana kwamba yupo. Nikifikiri leo, katika maisha yangu nimefundishwa na walimu wengi waliosimama mbele yangu na ubao na chaki, na hakuna aliyenifundisha kwa heshima kama yule ambaye sikuujua uso wake. Sikujua kama ni mrefu au mfupi. Nilijua tu kwamba akifikiri anagonga meno kwa penseli.

Mwezi wa Oktoba kulikuwa na mvua ya ghafla, bati linapiga kelele, na watu wa nyumba walikuwa wamekimbilia kuanua nguo. Bonifasi alingoja mvua ipungue. Halafu akasema, “Bi Mwajuma, muulize mwali, akitolewa anataka nini?” Nilijua Shangazi hayupo, nilimsikia uani akigombana na kamba ya nguo. Nilikaa kitako. Nilikuwa nimeulizwa nataka kula nini, kama nimeoga, kama tumbo linauma. Swali hilo halikuwahi kuletwa mbele yangu na mtu yeyote. Nikasema, “Shangazi, mwambie Karani nataka kusoma. Nafasi yangu inafungwa Januari.” Sauti yangu ilitoka nyembamba, nikaogopa hakusikia kwa mvua. Alisikia. Penseli ilikoma kugonga, na mwisho akasema, “Bi Mwajuma, mwambie mwali nimesikia.”

Aliyetukamata ni Bi Tatu, somo yangu, mwanamke mwembamba mwenye hatua za paka, aliyependa kuingilia mlango wa uani bila hodi. Alisimama nyuma ya mlango wangu akasikiliza mpaka nikamaliza: “Shangazi, mwambie Karani saa haikimbii, saa inakwenda.” Ndipo akafungua. “Nimemwacha Mwajuma sokoni sasa hivi anachagua samaki,” alisema. “Wewe unazungumza na Mwajuma yupi?” Upande wa pili wa ukuta nikasikia daftari linafungwa.

Jumapili Baba mkubwa akaja. Walikaa ukumbini yeye, Bi Tatu na Shangazi, na mimi nikasikia hukumu yangu neno kwa neno pamoja na vikombe vya chai. Mwali amechezewa masikio, alisema Bi Tatu. Watu wa Mbagala wakisikia watavunja uchumba, alisema Baba mkubwa. Basi ngoma isingoje. Nitolewe mwezi wa Desemba, na wiki itakayofuata niozwe, mambo yaishe. Na yule Karani mwisho wa Desemba ahame. Niliingoja sauti ya Shangazi juu ya ukuta, hata neno moja, nikasikia tu anakusanya vikombe. Usiseme sikumchukia. Nilimchukia.

Siku ya kutolewa nilivikwa kanga mpya, nikafunikwa gubigubi kichwa mpaka miguu, nikapandishwa mgongoni kwa Bi Tatu kama mtoto mchanga. Nje ngoma ilikuwa inalia na wanawake wanapiga vigelegele. Watu wa Mbagala wamekuja, mama wa yule kijana amekaa mbele. Tukapita ukumbini kuelekea mlango mkubwa, Bi Tatu akasimama ghafla, ngoma ikalegea. Chini ya pindo la kanga niliona soli mbili za viatu vya mwanamume. Alikuwa amelala kwenye kizingiti, amekingama, mikono kifuani. Watu wakaangua kicheko, maana kila mtu alijua maana yake. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akiziba njia shughulini hapigwi, haondolewi kwa nguvu, wala harukwi. Anakombolewa kwa kile anachotaka. Kwa kawaida anataka kuku. “Haya mtani,” Baba mkubwa akasema kwa furaha, “jogoo huyu hapa, inuka.”

“Jogoo nitamla kesho,” Bonifasi akasema akiwa chini. “Leo nataka mwaka.”

“Mwaka gani?”

“Wa huyu mwali. Januari aende shule yake. Akirudi mkitaka kumwoza, mlango hautakuwa na mtu.”

Watu walicheka tena, halafu kicheko kikafa kidogo kidogo walipoona hainuki. Baba mkubwa akasema utani una mpaka. Bonifasi akasema, “Mpaka wenyewe ndio huu nimeulalia.” Kama angesimama na kuchukua jogoo, ningekuwa mke wa mtu kabla ya wiki kuisha. Ndipo Shangazi akapaza sauti, ile ya mzaha anayoitumia sokoni. “Kaka, hebu amua! Mwali mzito, Bi Tatu atavunjika kiuno. Au kesho Mbagala nzima isikie kwamba Wazaramo wa Temeke wameshindwa kumkomboa binti yao kwa Mnyamwezi mmoja mfupi?” Vigelegele vikalipuka. Mama wa kijana naye, Mungu amrehemu, akacheka akasema mwanawe hajafika umri wa kuzeeka, atangoja. Baba mkubwa akawatazama watu wa Mbagala. Halafu akasema, “Mwaka mmoja. Mmoja tu.” “Mbele ya watu?” “Mbele ya watu, inuka!” Zile soli zikaondoka, nami nikatolewa nje juani, macho yakaniuma.

Hakuruhusiwa kulala tena nyumba ile hata usiku mmoja. Alihamia Ilala kwa mwenzake, chumba cha watu watano, na wiki mbili baadaye akafanya mtihani wake akafeli. Alirudia mwaka uliofuata akafaulu, akawa mkalimani mpaka alipostaafu, na kila tulipokutana ukubwani, yeye na mkewe, mimi na mume wangu niliyempata mwenyewe nikiwa tayari mwalimu, alikuwa ananiambia, “Niliomba mwaka, nyie mkachukua minane.” Kijana wa Mbagala hakungoja. Alioa mwezi wa Mei, na nilipelekewa pilau ya arusi yake bwenini kwenye kifurushi, ilifika imechacha.

Lakini nataka kumalizia na asubuhi niliyoondoka kwenda shule. Shangazi alinikalisha kwenye mkeka katikati ya miguu yake, akanipaka mafuta ya nazi, akaanza kunisuka. Bado nilikuwa na kinyongo naye kwa ule ukimya wa siku ya vikombe. Nikasema, kwa makusudi ili imchome, kwamba nitamwombea Karani dua maisha yangu yote kwa akili ile ya kulala mlangoni, maana yeye peke yake ndiye aliyenijali. Kitana kikasimama kichwani mwangu.

“Akili ya nani?” Shangazi akauliza.

Akaanza tena kuchana.

“Mtoto wewe. Karani alikuwa ameshafunga mizigo yake, kichwa chini. Mie ndiye niliyemfuata. Nikamwambia, kesho lala kizingitini, na usiinuke kwa jogoo.”

“Sasa mbona hukumwambia Baba mkubwa mwenyewe?”

“Nimwambie kama nani? Mie dada mtu, na mwanamke. Nikimpinga mbele ya watu nimekosa adabu, nikimpinga chumbani ataniambia nyamaza, na nitanyamaza. Mtani akisema watu wanacheka, na huku neno limeshatoka.” Akachukua fungu jingine la nywele. “Karani aliniuliza, nitakosa chumba kabla ya mtihani? Nikamwambia utakosa. Akasema haya.”

Nilitaka kugeuka nimtazame, akanishika kichwa kwa mikono miwili akanirudisha nilivyokuwa.

“Mie walinitia ndani miaka miwili,” akasema nyuma yangu. “Siku ya kunitoa nilitazama chini ya kanga mpaka mlangoni. Palikuwa peupe.”

Nikaanza kulia, mabega yananitetemeka. Akanivuta nywele kidogo, si kwa kuniumiza.

“Tulia,” alisema. “Mstari unapinda.”